Bizanti au Rumi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jina la dola la kale

Ukurasa huu ni wa wanafunzi, walimu, wafasiri na yeyote aliyewahi kusoma "Bizanti" katika kitabu kimoja, "Rumi" katika cha pili, "Roma ya Mashariki" katika cha tatu, akabaki kujiuliza kama ni madola matatu. Ni dola moja. Majina ndiyo mengi, na kila jina lina aliyelitoa na sababu yake ya kulitoa.

Bizanti ni nini, kwa maneno machache?

Ni Dola la Roma katika nusu yake ya mashariki, lililotawaliwa kutoka Konstantinopoli, mji unaoitwa leo Istanbul. Mfalme Konstantino aliuzindua mji huo tarehe 11 Mei 330, na Waosmani chini ya Sultani Mehmed wa Pili wakauteka tarehe 29 Mei 1453. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 1,123. Dola lenyewe halikuwahi kujiita Bizanti.

Basi wenyewe walijiitaje?

Walijiita Warumi. Kwa Kigiriki, lugha yao ya kila siku, mtu mmoja alikuwa Rhomaios na wengi wakawa Rhomaioi. Dola lao waliliita ufalme wa Warumi, na nchi yao, hasa katika mazungumzo ya watu wa kawaida, waliiita Rhomania.

Wasomaji wengi hukwama hapa. Watu waliosema Kigiriki, wakaishi mbali na mji wa Roma, waliwezaje kuwa Warumi? Jibu limo katika sheria. Mwaka 212 Mfalme Caracalla alitoa uraia wa Kirumi kwa takriban watu huru wote wa dola lake. Tangu hapo Mrumi hakuwa mtu wa mji wa Roma peke yake. Mkulima wa Anatolia, sehemu ya Asia ya Uturuki ya leo, na mvuvi wa visiwa vya Ugiriki nao walikuwa Warumi, pamoja na watoto na wajukuu wao. Sehemu ya magharibi ya dola ilipoanguka katika karne ya 5, watu wa mashariki hawakuwa na sababu ya kubadili jina. Serikali, sheria na jeshi vilikuwa vilevile.

Zingatia pia kwamba kwa karne nyingi hawakupenda kuitwa Wahelleni, jina la kale la Wagiriki. Kwa Mkristo wa Konstantinopoli "Mhelleni" lilikuwa na maana ya mpagani, mwabudu miungu ya kale. Ni katika karne za mwisho tu ambapo baadhi ya wasomi walianza kujinasibisha nalo kwa fahari.

Neno "Bizanti" lilitoka wapi?

Kabla ya Konstantino, mahali palipojengwa mji wake palikuwa na mji mdogo ulioitwa Byzantion. Wagiriki kutoka Megara waliuanzisha katika karne ya 7 KK kwenye ncha ya nchi kavu iliyo kati ya mlango wa bahari wa Bosporus na hori liitwalo Pembe ya Dhahabu. Konstantino aliupanua, akauita Roma Mpya. Watu wakauita mji wa Konstantino.

Jina la kale halikufa kabisa. Waandishi waliopenda Kigiriki cha kizamani waliendelea kuwaita wakazi wa mji huo Wabizanti. Lakini lilikuwa jina la watu wa mji, kama vile mtu wa Mombasa anavyoitwa Mmombasa. Askari wa Anatolia asingeitwa Mbizanti, na asingeelewa kwa nini umwite hivyo.

Nani alianza kuliita dola zima kwa jina hilo?

Jibu linalorudiwa kila mahali ni Hieronymus Wolf, msomi wa Kijerumani aliyekuwa mtunza maktaba wa familia ya Fugger mjini Augsburg. Mwaka 1557 alichapisha maandishi ya wanahistoria wa Konstantinopoli, akalitumia neno "Bizanti" kuwatenga na wanahistoria wa Ugiriki ya kale. Hapo dola lenyewe lilikuwa limekufa miaka 104 iliyopita.

Jibu hilo ni sahihi nusu. Wolf alipanda mbegu, lakini neno halikuenea mara moja. Katika karne ya 17 wasomi wa Paris, wakisaidiwa na Mfalme Louis wa Kumi na Nne, walitoa mfululizo mkubwa wa maandishi ya wanahistoria hao chini ya jina la Bizanti. Hata hivyo, katika karne ya 18 waandishi wengi wa Ulaya bado waliandika "dola la Wagiriki" au "dola la chini". Neno lilishika mizizi katika karne ya 19, na kufikia mwaka 1892, Karl Krumbacher alipoanzisha mjini Munich jarida maalumu la taaluma hiyo, mjadala wa jina ulikuwa umekwisha kwa muda.

Kwa nini karne ya 19? Baadhi ya wanahistoria hutoa sababu ya kisiasa. Ugiriki ilikuwa imepata uhuru, na wanasiasa wake walitamani kuirudisha Konstantinopoli mikononi mwao. Kuendelea kusema "dola la Wagiriki" kulionekana kama kuwapa hati ya kiwanja. "Bizanti" halikuwa na mrithi aliye hai wa kulidai.

Kwa nini watu wa magharibi waliwaita "Wagiriki" wakati wenyewe wanakataa?

Kwa sababu jina la Roma lilikuwa na mashindano. Siku ya Krismasi ya mwaka 800 Papa alimvika Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, taji la mfalme wa Warumi. Tangu hapo kulikuwa na watu wawili wanaodai cheo kimoja, na njia rahisi ya kumshinda mwenzio ni kumnyima jina. Mwaka 812 wajumbe wa Konstantinopoli walikubali kumwita Charlemagne mfalme, bila kusema wa nani. Papo hapo sarafu na hati za Konstantinopoli zikaanza kuandika kwa msisitizo "mfalme wa Warumi", ili pasiwe na shaka ni nani wa kweli.

Kisa cha mwaka 968 kinaonyesha uzito wa neno. Askofu Liutprand wa Cremona alikuwa Konstantinopoli kama mjumbe wa Otto wa Kwanza, mfalme wa Ujerumani. Wakati huohuo ikafika barua ya Papa iliyomtaja Otto kuwa mfalme wa Warumi na mtawala wa Konstantinopoli, Nikephoros Fokas, kuwa mfalme wa Wagiriki. Walioileta barua walitupwa gerezani.

Kwa hiyo ukikuta "Graeci" katika hati ya Kilatini ya zama hizo, usifasiri tu "Wagiriki" ukaendelea na safari. Mwandishi alikuwa anachagua upande.

Je, "Rumi" ya Qurani ndiyo Bizanti?

Ndiyo. Sura ya 30, Ar-Rum, yenye aya 60, inaanza kwa habari kwamba Warumi wameshindwa katika nchi ya karibu, na kwamba baada ya kushindwa huko watashinda katika miaka michache. Neno la Kiarabu lililotumika kwa "michache", bidh'i, hufasiriwa kuwa kati ya mitatu na tisa.

Vita vinavyotajwa ni vya Warumi wa Konstantinopoli na Waajemi wa ukoo wa Sasani. Waajemi waliiteka Damasko mwaka 613 na Yerusalemu mwaka 614. Mfalme wa Rumi alikuwa Heraclius, ambaye Waarabu humwita Hirakli na washairi wetu wakamwita Herekali. Alianza kushambulia mwaka 622, akawavunja Waajemi karibu na Ninawi mwezi Desemba 627, na amani ikapatikana mwaka 628.

Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili anayeandika "Warumi" katika sura hii hajakosea hata kidogo. Kosa hutokea kwenye maelezo ya chini, pale mtu anapoongeza kuwa hao ni "watu wa Italia". Italia ya wakati huo ilikuwa na sehemu zilizotawaliwa kutoka Konstantinopoli, lakini jeshi, mfalme na hazina vilikuwa mashariki.

Je, Warumi wa Biblia na Warumi wa Qurani ni watu walewale?

Ni raia wa dola moja, kwa tofauti ya takriban miaka 550. Waraka wa Paulo kwa Warumi uliandikwa karibu na mwaka 57 BK kwa Wakristo waliokaa katika mji wa Roma, Italia, wakati mji mkuu ulikuwa huko. Warumi wa sura ya 30 ni wale ambao mji wao mkuu ulikwisha kuhamia Bosporus. Mwalimu anayefundisha darasa lenye watoto wa dini zote mbili anaweza kulieleza jambo hili kwa ramani moja na tarehe mbili, na swali likaisha.

Tahajia nayo inachangia mkanganyiko. Biblia ya Union huuandika mji wenyewe "Rumi", ilhali tafsiri nyingine na magazeti huandika "Roma". Pendekezo letu: mji wa Italia uandike Roma, na "Rumi" uiachie dola la mashariki na nchi zake, isipokuwa unaponukuu.

Nikikutana na "Rumi" katika maandishi ya kale, nitajuaje ni nani anayetajwa?

Neno Rumi lilisafiri, na kila kizazi kililibandika mahali papya. Fanya hivi, kwa mpangilio huu.

1. Tafuta tarehe ya maandishi, si tarehe ya nakala. Kabla ya mwaka 1071, Rumi katika Kiarabu karibu siku zote ni Bizanti.
2. Angalia kama anayetajwa ni Mwislamu. Baada ya vita vya Manzikert, tarehe 26 Agosti 1071, Waturuki wa Seljuki waliingia Anatolia na wakaanzisha usultani wao wa Rumi, ambao mji wake mkuu ulikuja kuwa Konya. "Sultani wa Rumi" wa karne ya 12 au 13 ni Mturuki. Ndiyo maana Jalaluddin, mshairi aliyeandika Kiajemi na kufariki Konya mwaka 1273, anaitwa Rumi. Hakuwa Mrumi wa Konstantinopoli wala wa Italia. Aliishi katika nchi iliyoitwa Rumi.
3. Kama maandishi ni ya karne ya 15 au 16 na yanahusu Bahari ya Hindi, Rumi ni Mwosmani. Mehmed wa Pili alijiita Kaisari wa Rumi, na Wareno wakawaita askari wa Kiosmani "Rumes". Amir Ali Bey aliyefika pwani yetu mwaka 1586, akarudi na kukamatwa Mombasa mwaka 1589, alikuwa miongoni mwa hao Rumes wa nyaraka za Kireno.
4. Kama ni maandishi ya karibuni kutoka Syria, Lebanon, Palestina au Uturuki, Rum ni Mkristo wa Kiorthodoksi mwenye mapokeo ya Kigiriki. Huko hata leo "Rum Orthodoks" ni jina la kawaida la kanisa.

Makosa mengi hutokea kwenye hatua ya pili. Mfasiri huona "Rumi", anaandika "Bizanti", na msomaji anabaki akishangaa mfalme wa Bizanti kuwa na jina la Kaykhusraw, jina la masultani wa Seljuki.

Majina ya mahali nayo yasikupoteze. Bahr ar-Rum, bahari ya Rumi, ni Mediterania. Rumeli ni sehemu ya Balkani iliyotawaliwa na Waosmani. Na huko Misri bata mzinga huitwa jogoo wa Kirumi, maana alionekana ni ndege aliyetoka upande huo.

Waswahili walilijua dola hili kabla ya vitabu vya shule?

Walilijua vizuri, na kwa jina lake lenyewe. Mwaka 1728 huko Pate, Bwana Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka, unaoitwa pia Chuo cha Herekali, juu ya vita kati ya Waislamu na mfalme huyo wa Rumi. Ni miongoni mwa tendi ndefu na kongwe zaidi zilizohifadhiwa kwa Kiswahili. Mtunzi hakuhitaji neno "Bizanti"; wakati huo hata Ulaya lilikuwa bado neno la wasomi wachache. Herekali na Rumi vilitosha, na msikilizaji wa Pate alielewa.

Tunalisisitiza hili kwa sababu mara nyingi wanafunzi huambiwa kuwa "Bizanti" ndilo jina la kitaalamu na "Rumi" ni la kidini tu. Kwa kipimo cha historia, Rumi ndilo lililo karibu zaidi na jina ambalo watu wa dola lile walijiitia.

Kuna maneno ya Kiswahili yaliyotoka katika dola hilo?

Yapo, na unayatumia bila kujua. Yalipita katika Kigiriki, mengine katika Kiaramu, yakaingia Kiarabu, kisha yakashuka pwani.

Dinari inatokana na denarius, sarafu ya Roma. Sarafu ya dhahabu ya Konstantinopoli, solido, ilipimwa 72 kwa kila ratili moja ya Kirumi, yaani takriban gramu 4.5 kila moja, na kwa karne kadhaa ilipokelewa kutoka Uhispania hadi Sri Lanka. Khalifa Abdulmalik alipotoa dinari yake ya Kiislamu mwishoni mwa karne ya 7 aliishusha hadi takriban gramu 4.25. Dirhamu ni drakme ya Kigiriki. Fulusi, neno letu la pesa, ni wingi wa fals, na fals ni follis, sarafu ya shaba ya Warumi. Kwa hiyo anayesema hana hata fulusi anataja chenji ya Konstantinopoli.

Kasri ni castrum, ngome. Sirati, njia iliyonyooka, ni strata, barabara iliyotandazwa mawe, ile ambayo Warumi walisifika kwayo. Na kaisari ni jina la Julius Caesar lililogeuka cheo.

Je, nimwite mtawala wao kaisari, mfalme au sultani?

Kwa maandishi ya jumla "kaisari" inafaa, kwa sababu katika Kiswahili imeshakuwa neno la mtawala mkuu wa dola kubwa, na katika riwaya za Kiislamu "Kaisari wa Rumi" ni jina lililozoeleka. Lakini ukiingia ndani ya mambo ya ikulu, kuwa mwangalifu. Huko Konstantinopoli "kaisar" kilikuja kuwa cheo cha mtu aliye chini ya mtawala, mara nyingi mwana au mkwe wake. Alexios Komnenos alipotawala, tangu mwaka 1081, alianzisha cheo kingine juu ya kaisar, na kaisar akashuka hadi nafasi ya tatu. Ukimwita mtawala na mkwewe kwa neno moja, sentensi yako haitaeleweka.

Cheo cha mtawala mwenyewe kilikuwa basileus, yaani mfalme. Herekali alikitumia rasmi katika sheria ya mwaka 629. Tunachoshauri: andika "mfalme" au "mfalme mkuu" kwa basileus, na "kaisar" bila i ya mwisho kwa cheo kidogo, ukieleza mara moja mwanzoni.

Dola la Bizanti lilianza lini hasa?

Inategemea nani anajibu, na hakuna mwenye makosa. Kuna wanaoanza mwaka 330, mji mkuu ulipozinduliwa. Wengine huanza 395, Theodosio alipofariki na wanawe wawili, Arkadio na Honorio, wakagawana mashariki na magharibi. Wengine 476, mtawala wa magharibi Romulus Augustulus alipoondolewa. Wapo wanaongoja hadi Herekali, karne ya 7, wakati Kigiriki kilipokuwa kimechukua nafasi ya Kilatini serikalini na Waarabu walipoitwaa Syria na Misri.

Ugumu unatokana na jina lenyewe. Dola halikuanza upya, hivyo tarehe yoyote ya kuanzia ni mstari uliochorwa na mwanahistoria. Justiniani, aliyetawala 527 hadi 565, alikusanya sheria za Roma kwa Kilatini, na sheria zake mpya nyingi akazitoa kwa Kigiriki. Je, ni Mrumi au Mbizanti? Yeye angejibu kwa neno moja.

Katika insha au mtihani, chagua tarehe, taja sababu kwa sentensi moja, usiibadilishe katikati.

Dola lililokuwa Konstantinopoli kati ya 1204 na 1261 nalo ni Bizanti?

Hapana. Mwezi Aprili 1204 wapiganaji wa Vita vya Msalaba vya nne waliuteka mji, wakauibia, wakamtawaza Baldwin wa Flanders. Wanahistoria huliita Dola la Kilatini. Warumi wenyewe walikimbilia Nikea, Epiro na Trebizondi, na tarehe 25 Julai 1261 watu wa Nikea wakaurudisha mji. Trebizondi iliendelea peke yake hadi mwaka 1461, miaka 8 baada ya Konstantinopoli kuanguka.

Niandike vipi kwa Kiswahili: Bizanti, Bizantini, Byzantium?

"Bizanti" ndiyo inayokaa vizuri zaidi, kwa sababu inapokea viambishi bila shida: Mbizanti, Wabizanti, Kibizanti. "Bizantini" imetoka kwenye kivumishi cha lugha za Ulaya, na ukiongeza -ki- unapata kivumishi juu ya kivumishi. "Byzantion" iache kwa mji wa Kigiriki wa kabla ya Konstantino tu.

Kuhusu neno la mbele, milki, himaya na dola yote yanasikika. Angalia tu kwamba "himaya" ina maana ya ulinzi pia, na katika historia ya ukoloni imetumika kwa nchi iliyowekwa chini ya ulinzi wa nyingine, kama Zanzibar tangu mwaka 1890. Kwa dola huru lililodumu miaka elfu, "milki" au "dola" haina utata huo.

Mara ya kwanza unapolitaja, andika hivi: "Dola la Roma ya Mashariki, ambalo wanahistoria huliita Bizanti na Waarabu wakaliita Rumi". Sentensi hiyo moja huzuia maswali yote ya baadaye. Baada ya hapo shika jina moja.

Rhomania ndiyo nchi ya Romania ya leo?

Hapana. Romania ya leo ilichukua jina hilo katika karne ya 19, kutokana na watu wake wanaosema lugha iliyozaliwa na Kilatini. Mzizi ni Roma, lakini mirathi ni tofauti. Wala usichanganye na Dola Takatifu la Roma la Ujerumani, lililoanza na Charlemagne au, kwa hesabu ya wengine, Otto mwaka 962, likavunjwa mwaka 1806.

Kwa nini katika lugha za Ulaya neno hili hutumika kama tusi?

Waandishi wa Ulaya wa karne ya 18 waliliona dola hilo kuwa la fitina, matowashi na mabishano ya dini yasiyo na mwisho, na dharau hiyo ikaganda kwenye neno. Hadi leo sheria yenye mizunguko mingi huitwa kwa jina la Bizanti. Ukilifasiri neno kwa neno, msomaji wa Kiswahili ataona utaratibu wa Konstantinopoli mahali ambapo mwandishi alimaanisha mizengwe ya ofisini. Andika "mizengwe", "urasimu uliopindapinda", "fitina za ikulu". Tunalo neno la kila moja, na hakuna sababu ya kurithi dharau ambayo si yetu.

Je, tuache kabisa kusema Bizanti?

Baadhi ya wanahistoria wa sasa wanataka hivyo. Anthony Kaldellis, kwa mfano, ametetea kwa nguvu kwamba watu hao waitwe Warumi, kama walivyojiita. Hoja yao ni ya haki, kwa sababu jina lililotolewa na wengine baada ya kifo limefanya iwe rahisi kusema kwamba Roma ilikufa mwaka 476.

Lakini kuna upande wa vitendo. Katalogi za maktaba, majina ya makumbusho, mitindo ya usanifu na mada za mitihani zimeandikwa Bizanti, na mwanafunzi asiyelijua neno atashindwa kupata vitabu. Sisi tunaona linafaa kubaki kama anwani ya kutafutia, huku maelezo yakitumia Warumi. Kiswahili kina bahati hapa: Kiarabu kilitenganisha Yunani, yaani wanafalsafa wa kale, na Rumi, yaani watu wa Konstantinopoli, na sisi tukarithi yote mawili. Lugha nyingi za Ulaya zinahangaika kutafuta tofauti hiyo.

Kuna mahali Afrika Mashariki ambapo "Kibizanti" bado ni neno la kila siku?

Ndiyo, kanisani. Uorthodoksi wa Uganda ulianza mwaka 1929 kwa juhudi za Reuben Spartas, na mwaka 1946 ukapokelewa rasmi na Patriarki wa Aleksandria. Leo kuna waumini Uganda, Kenya, Tanzania na Congo, na ibada ya Yohane Krisostomo, askofu wa Konstantinopoli aliyefariki mwaka 407, husomwa kwa Kiswahili. Utaratibu huo ndio huitwa riti au mapokeo ya Kibizanti. Katika muktadha huu usiseme "riti ya Kirumi", kwa sababu hiyo ni ile ya Kanisa Katoliki la magharibi, na utakuwa umetaja kanisa jingine.

Warumi wa mwisho walikuwa nani?

Kama swali ni la serikali, jibu ni Trebizondi, 1461. Kama ni la watu kujiita, jibu ni la karibuni sana. Peter Charanis, mwanahistoria aliyezaliwa kisiwani Lemnos, alisimulia kuwa jeshi la Ugiriki lilipokitwaa kisiwa hicho mwaka 1912, watoto walikimbia kwenda kuwatazama askari. Askari mmoja akawauliza wanatazama nini. "Tunawatazama Wahelleni," wakajibu. "Kwani ninyi si Wahelleni?" Watoto wakasema hapana, sisi ni Warumi.